Mshale wa kibla unazunguka, lakini simu yako haina ubovu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia wa wiki iliyopita uliwajibu wasomaji waliouliza ni programu gani ya simu inayofaa kuonesha kibla. Jibu lilikuwa fupi: pakua yenye nyota nyingi na iliyopakuliwa na watu wengi. Kwa msomaji wa Mwanza au Kigoma ushauri huo huenda ukafaa. Kwa sisi wa mwambao, kuanzia Lamu kushuka hadi Mtwara, unaweza kumgeuza mtu akaipa kibla mgongo. Naomba nafasi nieleze kwa nini, maana ugomvi wake unaishia mezani kwangu.

Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga. Mchana nabadilisha vioo na sistimu za chaji, usiku naandika programu ndogondogo za Android, nyingine za biashara za watu na nyingine za kujifurahisha tu. Ikikaribia Ramadhani, foleni inabadilika. Wanakuja watu wazima, wengine wamesindikizwa na wajukuu, na simu ambazo hazijapasuka wala hazijaingia maji. Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, aliiweka yake mezani akaniambia, “Mwanangu, hii simu inataka niswali nikielekea Msumbiji.” Nikamwomba anioneshe. Akasimama, akaielekeza kaskazini, mshale ukageuka nyuma yake. Akaufuata, akatazama kusini, mshale ukamwambia kibla kiko mgongoni. Akageuka tena, nao ukageuka tena. Wajukuu walikuwa wanacheka, yeye hacheki.

Kilichoniudhi si hicho. Mzee yule alikwisha kupita kwa fundi mwingine mjini, akalipishwa hela ya “kubadilishiwa dira”. Wasomaji wenu wajue: dira ya simu si kitu kinachochomolewa kama betri. Ni chipu ya milimita mbili hivi, imechomelewa kwenye bodi pamoja na wenzake, na katika mtaa wetu sijamwona anayeibadilisha kwa bei ile aliyotozwa mzee. Chipu yake ilikuwa nzima. Programu nayo ilikuwa na nyota nne na nusu.

Nianze na namna simu inavyojua imeelekea wapi, kwa sababu bila hapo hamtanielewa. Nina skrini ya majaribio niliyoiandika mwenyewe. Inaonesha namba tisa, tatu za kila kihisi (sensa), yaani chipu inayopima kitu ndani ya simu, basi. Simu ikilala chali mezani, kioo kikitazama dari, kihisi cha mchapuko (accelerometer) kinaandika x karibu na sifuri, y karibu na sifuri, z kama 9.8. Isimamishe wima, z inashuka hadi sifuri na 9.8 inahamia kwenye y. Ilaze ubavu, inahamia x. Mhimili wa x unakata kioo kutoka kushoto kwenda kulia, y unapanda kutoka chini kwenda juu, z unatoka kwenye kioo kukujia usoni. Hiyo 9.8 ni mvutano wa dunia, mita kwa sekunde kwa sekunde, na ndani ya chipu kuna kipande cha silikoni kilichoning’inizwa kwenye springi za silikoni hiyohiyo. Kikisogea kidogo, umeme unaopimwa pembeni yake unabadilika. Hapo simu imeshajua imeinama kiasi gani. Ndiyo maana hata simu ya bei ya chini kabisa inageuza picha ukiilaza, na waashi hapa mtaani wanaitumia kama pimamaji bila shida yoyote.

Ila kihisi hicho hakijui kaskazini ni wapi. Simu ikiwa imelala mezani, izungushe upendavyo, zile namba tatu zinabaki vilevile. Mvutano unatoka chini, na chini ni chini, uwe umetazama baharini au Usambara.

Kwa hiyo kinahitajika cha pili, magnetomita, ndiyo dira yenyewe, kinachopima usumaku wa dunia kwa kipimo kiitwacho mikrotesla. Kwa ukanda wetu usumaku huo ni mdogo, thelathini na kitu; London ni karibu 49. Programu inachukua “chini” kutoka kihisi cha kwanza na “upande wa sumaku” kutoka cha pili, inavipiga pamoja, inapata jibu: sehemu ya juu ya simu imeelekea nyuzi kadhaa kutoka kaskazini. Cha tatu ni gairoskopu, inayopima kasi ya kuzunguka. Ni tulivu na ina haraka, lakini haijui ilikoanzia. Programu inajumlisha mizunguko midogomidogo, na kila kosa dogo linajumlishwa nalo, mpaka baada ya muda jibu limehama. Vikichanganywa vyote vitatu, kimoja kinasahihisha kingine. Android yenyewe, tangu toleo 2.3 la mwaka 2010, inaweza kumkabidhi mwandishi wa programu jibu lililokwisha kuchanganywa hivyo.

Tatizo ni kwamba simu nafuu tunazouziana huku, si chache, hazina gairoskopu. Na programu nyingi za kibla zimeandikwa kwa ile njia ya zamani ya vihisi viwili, kwa sababu inafanya kazi kwenye simu nyingi zaidi na kwa sababu msimbo (code) wake unapatikana kila mahali, mtu ananakili tu. Njia hiyo jibu lake linatetemeka. Simu ikiwa mkononi, namba zinaruka nyuzi mbili, tatu, tano, hata kama umesimama kama mlingoti. Mshale unaotetemeka haupendezi. Mwandishi anaweka kitulizi: kila usomaji mpya unapoingia, programu haiupokei wote, inachukua sehemu tisa za kumi za jibu la zamani na sehemu moja ya kumi ya jipya.

Tuchukue mtu aliyesimama Mwanza, ambako kibla ni nyuzi 15 na ushei mashariki ya kaskazini. Jibu la zamani ni 14, jipya ni 18. Sehemu tisa za kumi za 14 ni 12.6, sehemu moja ya kumi ya 18 ni 1.8, jumla 14.4. Mshale umesogea taratibu, vizuri kabisa. Twende Muscat, ambako ndugu zetu wengi wapo. Huko kibla ni karibu magharibi kamili, nyuzi 266 ukihesabu kutoka kaskazini kupitia mashariki. La zamani 264, jipya 268, jibu 264.4. Vizuri tena.

Sasa njoo Tanga. Makka iko longitudo 39.8 mashariki, Tanga iko 39.1. Maana yake Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu, na kibla chetu ni nyuzi 1.5 tu mashariki ya kaskazini. Ndiyo maana mihrabu za mwambao huu ziko ukuta wa kaskazini, tangu ile ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Lakini duara la dira linaanza na kumalizika palepale kaskazini: 357, 358, 359, halafu sifuri, 1, 2. Mtu wa Tanga anapokitazama kibla chake, amesimama juu ya kiungo cha duara. Mkono ukitikisika kidogo, namba inaruka kutoka 359 kwenda 1.

Fanya hesabu ileile. La zamani 359, jipya 1. Sehemu tisa za kumi za 359 ni 323.1, ongeza 0.1, jibu 323.2. Usomaji unaofuata ni 1 tena: jibu 291. Mkono umetikisika nyuzi mbili, simu inadhani umegeuka nyuzi 68. Na mkono ukiendelea kutetemeka, nusu ya namba zikiangukia upande huu na nusu upande ule, jibu linavutwa kuelekea katikati ya 359 na 1, ambayo kwa hesabu ya sokoni ni 180. Mtu anatazama kaskazini, programu inaamini anatazama kusini, kwa hiyo mshale unamwonesha kibla kiko nyuma yake. Akigeuka kusini, kule hakuna kiungo, kihisi kinasomwa sawasawa, mshale unasema geuka. Mzee wetu alikuwa sahihi kabisa kuhusu Msumbiji.

Nimezipiga hesabu za miji yetu, na ninawaomba mzichapishe hata kama mtapunguza mengine. Tanga nyuzi 1.5, Unguja mjini 1.3, Dar es Salaam 1, Kilwa kama 0.6, Mombasa 0.3. Malindi tumeshavuka kwenda upande wa pili: 359.3. Mtwara 359.4. Lamu 357.5. Kiungo kinapita katikati yetu, wengine kushoto kwake, wengine kulia, na hakuna mji hata mmoja hapo ulio mbali nacho kiasi cha kuuepuka mtetemeko wa mkono. Sasa fikirieni mwandishi aliyeko London, ambako kibla ni nyuzi 119, au Jakarta, 295. Anaijaribu programu yake kwa kutazama kibla chake, mshale unatulia, anafurahi, anaitoa. Watumiaji wake wa kwao nao wanafurahi, wanampa nyota. Huo ubovu upo ndani ya simu zao pia, ila unajitokeza pale tu mtu anapotazama kaskazini, na wao hawana haja ya kutazama kaskazini. Zile nyota nne na nusu ni za kweli. Zimetolewa tu na watu wasiokanyaga pale programu inapotoboka.

Dawa yake haizidi mistari mitatu, na hapa nazungumza na vijana wetu wanaoandika programu. Msichanganye majibu, tafuteni kwanza tofauti. Chukua jipya, toa la zamani: 1 kutoa 359 ni hasi 358. Ikiwa chini ya hasi 180, ongeza 360. Ikiwa juu ya 180, punguza 360. Hapa unapata 2. Sehemu moja ya kumi ya 2 ni 0.2, iongeze kwenye 359, unapata 359.2, na ukivuka 360 unarudi kuanzia sifuri. Mwingine anaweza kuvunja kila usomaji kuwa vipande viwili, kiasi gani kaskazini na kiasi gani mashariki, akavituliza kila kimoja peke yake kisha akaviunganisha. Hiyo ndiyo njia safi zaidi, na mimi ndiyo ninayoitumia. Lakini hata ile ya kwanza ingemwokolea mzee yule hela yake.

Vijana wa vyuo wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo huniambia darasani wanaifundishwa dira kama zoezi la kawaida, na simu wakati wa zoezi inalala juu ya dawati. Dawati halitetemeki, na dawati mara nyingi halikuelekea kaskazini. Walimu wao nawaheshimu, lakini zoezi la dira kwa mwanafunzi wa Tanga, Mombasa au Unguja lingeanzia nje ya darasa, wamesimama, simu mkononi, uso kaskazini. Sisi ndio tunaoliona kosa hili kila siku, na bado programu tunazozitoa wenyewe zimelinakili pamoja na msimbo. Hili la mwisho linaniuma kuliko la mtu wa London, maana yeye ana udhuru.

Nimekwisha kusema simu nyingine hazina gairoskopu. Kuna zisizo na magnetomita pia, na hizo ni balaa zaidi. Kihisi cha mchapuko kilikuwemo kwenye iPhone ya kwanza mwaka 2007. Dira ikaja na iPhone 3GS mwaka 2009, gairoskopu na iPhone 4 mwaka 2010. Simu kadhaa mpya ninazoziona madukani leo, ndani ya maboksi yanayong’aa, kwa upande huu zimebaki mwaka 2007. Programu ya kiungwana ikikosa dira inakwambia waziwazi: simu hii haina dira. Nyingine haisemi kitu. Inachora duara zuri la kijani, inachora Al-Kaaba, inaweka mshale, na mshale umeganda unatazama juu ya kioo popote utakapogeukia. Mtu anaamini. Namna ya kujua ni rahisi: shika simu ikiwa imelala kiganjani, zunguka mwenyewe duara zima. Mshale usipozunguka kwenye kioo, hapo hakuna dira, kuna picha.

Dira za kibla zinazofunguliwa kama tovuti kwenye kivinjari nazo zina ugonjwa wake. Chrome ya Android, tangu 2016, kwa kawaida inaipa tovuti mwelekeo ambao sifuri yake ni popote pale, si lazima iwe kaskazini. Anayetaka kaskazini ya kweli lazima aiombe kwa jina lake maalumu. Kwenye iPhone, tangu mfumo wake wa iOS 13 wa mwaka 2019, tovuti haipewi vihisi mpaka mwenye simu akubali. Akikataa kwa haraka, kama tunavyokataa kila kinachojitokeza, hakuna kitakachosogea.

Halafu kuna chuma. Kibanda changu ni kontena. Ndani yake hakuna dira inayosema kweli, na meza yangu imejaa sumaku: spika za simu, bisibisi zenye ncha ya sumaku, vifuniko vya kava. Mteja akija na malalamiko ya dira, kwanza namtoa nje, tunavuka barabara, tunasimama mbali na magari. Pale skrini yangu inasoma thelathini na kitu. Nikisogeza bisibisi, inapanda mpaka mamia. Waandishi wa programu wangekuwa wanaiangalia hiyo jumla ya usumaku kabla ya kuchora mshale. Android imewawekea hata mipaka, ya chini 30 na ya juu 60, kwa usumaku wa dunia. Ikisoma 140, mwambie mtu asogee, usimchoree kibla. Wengi wanaoniletea simu “mbovu” wana kava la pochi linalojifunga kwa sumaku. Nalivua, dira inapona, mteja ananiangalia kama nimefanya kiinimacho, na hapo siwezi kumtoza hata shilingi.

Msikitini kwenyewe hali si nzuri sana: nondo kwenye nguzo, spika ukutani, feni juu. Bahati nzuri msikitini hakuna anayehitaji simu, mihrabu ipo. Shida ni nyumba ya kupanga, hoteli, ofisi.

Lile la kuchora namba nane hewani, ambalo watu wanalifanya kwa aibu kama wanazindikwa, lina maana yake. Simu yenyewe ina vyuma na sumaku ndani, spika na injini ya mtetemo, na usumaku wao unazunguka pamoja na kihisi bila kubadilika. Ukiigeuza simu pande zote, programu inaona namba zote zimesukumwa upande mmoja kwa kiasi kilekile, inakitoa. Kwa hiyo fanyeni, tena kwa kuigeuza kweli, juu chini na ubavuni. Kuipunga tu kama leso ya harusi haisaidii.

Na ishikeni ikiwa imelala. Watu wanaishika wima mbele ya uso, kama wanaopiga picha. Jibu la kawaida la dira ni la ule mhimili wa y, unaopanda kuelekea juu ya simu. Simu ikisimama wima, y inatazama mbinguni, na mbinguni hakuna kaskazini wala kusini, kwa hiyo jibu linarukaruka. Kuna njia ya kuiambia Android ibadilishe mhimili simu inaposimama. Waandishi wachache wanaijali.

Sijasahau kwamba dira inafuata kaskazini ya sumaku, si ya ramani. Mwambao wetu umebahatika, tofauti ni ya nyuzi chache tu. Cape Town inazidi 20. Programu yenye kujua mahali ulipo inaweza kuirekebisha kwa mfano wa usumaku wa dunia unaotolewa upya kila miaka mitano, wa karibuni ukiwa wa 2025. Iwapo nyuzi mbili au tatu zina uzito gani katika sala, hilo nawaachia masheikh. Mimi nazungumzia zile 180.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni hili. Mnaposhauri programu, msihesabu nyota peke yake. Mtume mtu mmoja wa ofisi yenu ya mwambao asimame nje, atazame kaskazini, simu mkononi, kwa dakika moja. Mshale ukibaki mbele yake, iandikeni. Ukikimbia, iandikeni pia, mtaje na toleo lake, mwenye nayo airekebishe.

Na kwa wasomaji wasio na hamu ya vihisi, wakumbusheni jua. Tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tena tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua linakuwa juu kabisa ya Makka, na saa yetu ni sawa na saa yao. Pigilia kijiti cha mita moja mahali tambarare, kinyooshe kwa timazi, usubiri dakika hiyo. Hapa Tanga kivuli kitakuwa cha nusu mita na kitalala kuelekea kusini. Mstari kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye kijiti ndio kibla, hakuna kava la sumaku litakaloupinda. Mei mvua za masika huenda zikawa bado zinatusumbua. Kukiwa na mawingu, subirini Julai. Mkishauona, chorani alama sakafuni kwa rangi au pigilieni msumari barazani, kisha leteni simu hapo muipime. Mtaijua programu yenu ni ya namna gani kabla adhana ya adhuhuri haijamalizika.

Mwandishi yeyote ambaye mshale wake unakimbia anaweza kuniletea msimbo wake, nitamwonesha pa kugusa na sitamtoza kitu. Wenye simu zisizo na dira wasijisumbue kuja, hata wakiahidiwa na nani kwamba inabadilishwa.

Wenu,
Fundi simu,
Ngamiani, Tanga